Bosi anataka kliniki isiyo na karatasi. Vipeperushi, kadi na bahasha za dawa viende wapi?

SistaWaMpakani (Busia, upande wa Uganda)

Wenzangu, poleni na kazi. Nina swali, na naomba majibu ya watu waliokwisha kuyaona mambo haya kwa macho yao, maana ya semina nimeshayasikia.

Mimi ni muuguzi msimamizi kwenye kliniki binafsi hapa Busia, mwendo mfupi tu kutoka getini. Wagonjwa wetu ni mchanganyiko. Kuna Wasamia wa vijijini, kuna wachuuzi wanaovuka asubuhi kwenda Kenya na kurudi jioni, kuna madereva wa malori wanaosubiri makaratasi ya mizigo yao, na siku za soko watu huja kutoka kila upande. Daktari mwenye kliniki amerudi kutoka Kampala na wazo moja kichwani: karatasi basi. Anataka rafu ya vipeperushi iondoke pale mapokezi, kuta zibandikwe vimraba vya QR, vile vya kuskani kwa simu, wagonjwa waingizwe kwenye makundi ya WhatsApp (wa presha peke yao, wa sukari peke yao, wajawazito peke yao), na runinga kubwa itundikwe mbele ya mabenchi icheze video za afya kutwa nzima. Vile vimraba ameshavichapisha. Kwenye karatasi. Nimenyamaza.

Sipingi, msinielewe vibaya. Rafu yetu yenyewe ni aibu. Vipeperushi karibu vyote ni vya Kiingereza, na vingi vimepitwa. Chanjo ya malaria ilipoanza nchini Aprili 2025, ile ya mtoto wa miezi 6, 7, 8 kisha 18, hatukuwa na karatasi hata moja inayoitaja. Kadi za zamani hazina mstari wake, tukachora wenyewe kwa rula na kalamu ya bluu. Na Ebola ya 2022, ile iliyotangazwa Septemba kutoka Mubende, mabango yalitufikia watu wakiwa wameshajazwa masikio na redio na mitaa, ya kweli na ya uongo. Habari inayobadilika kila wiki haiwezi kungoja mtambo wa kuchapa, hilo nalikubali bila ubishi. Mama mandazi wa jirani ndiye msomaji wetu mkubwa wa vipeperushi: huja kuomba vilivyozeeka, afungie bidhaa.

Kinachonikosesha usingizi ni kitu kingine. Juzi nilishika dirisha la dawa kwa niaba ya mwenzangu. Akaja bibi mmoja amevaa gomesi, malaria imempiga vizuri. Akafungua kaveera, yaani mfuko wa plastiki, ndani ya kaveera mna kaveera nyingine, ndani yake kadi yake, na daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, lile tunaloandikia matibabu. Nikamhesabia Coartem vidonge 24, nikachukua bahasha ya khaki, nikaandika 4x2 siku tatu, nikachora jua na mwezi. Nikamweleza kwa Kisamia changu cha kuazima kwamba dozi ya pili ni baada ya masaa manane tangu ya kwanza, kuanzia kesho yake ni asubuhi na jioni, na asimeze tumbo likiwa tupu. Akaitazama ile bahasha, akaigeuza, akaniuliza: "Huyu wangu wa P6 ataelewa?" Nikamwambia ataelewa. Akaridhika, akafunga kaveera zake zote mbili.

Hakuuliza kama yeye ataelewa. Alishajua nani atasoma, na saa ngapi, mtoto akitoka shule. Sasa kile kimraba ukutani atakiskani na nini? Simu yake ni katochi, kale kadogo ka vitufe, na kazi yake ni kupokea mwanawe akipiga Jumapili.

Kwa hiyo nauliza. Kuna aliyeondoa karatasi kweli kweli kwenye kituo chake, na ikawaje? Makundi ya WhatsApp ya wagonjwa mnayaendeshaje? Na yale madaftari ya wagonjwa pamoja na rejista zetu, navyo viguswe au viachwe? Bosi anataka jibu mwezi huu. Runinga wameshapatana bei.

---

MzeeWaFaili (Arua)

Sista, salamu kutoka West Nile. Nimekaa chumba cha rekodi miaka mingi, sasa nimestaafu, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha.

Daktari wako amefunga mizigo miwili kwa kamba moja. Kuna karatasi tunayompa mgonjwa ili ajue, na kuna karatasi tunayoandika sisi ili tumjue mgonjwa. Ya kwanza unaweza kuifanyia majaribio hata kesho. Ya pili usiikimbilie.

Nilikuwepo DHIS2, mfumo wa kompyuta wa ripoti za vituo vya afya, ilipoingia nchini mwaka 2012. Kabla yake, ripoti ya mwezi, hii HMIS 105, ilikuwa inasafiri kwa bodaboda ndani ya bahasha, na ukikosa tarehe 7 wilayani simu zinaanza. DHIS2 ilikuwa nafuu kubwa, wala sitaki kijana yeyote anifanye adui wa kompyuta. Lakini angalia nafuu ilipoishia. Rejista ya wagonjwa wa nje ikabaki ile ile ya karatasi, pana kama mkeka, na mtu anahesabu vijistari kwa kidole mwisho wa mwezi ndipo aingize. Kwenye kliniki za ARV wana UgandaEMR, rekodi za wagonjwa za kwenye kompyuta, iliyojengwa juu ya programu ya OpenMRS, mfumo mzuri. Ila pale nilipokuwa mimi, muuguzi alikuwa anajaza kadi ya karatasi mbele ya mgonjwa, halafu karani anaihamishia kwenye kompyuta jioni. Umeme ukikatika siku mbili, kadi zinarundikana mezani hadi karani haonekani. Mkiuliza mgonjwa fulani alikuja lini, jibu ni "mfumo bado haujafika huko". Hiyo siyo kuondoa karatasi, hiyo ni kuiongezea karatasi mfanyakazi wa pili. Kama bosi wako anataka kompyuta, basi anayemtibu mgonjwa ndiye aandike humo, mgonjwa akiwa amekaa mbele yake. Vinginevyo aiache.

Lile daftari la shule watu wa Kampala wanalicheka. Mimi nalitetea mpaka kesho. Mgonjwa wako leo yuko kwako, kesho kazidiwa akiwa ng'ambo ya mpaka, kesho kutwa wamempeleka Tororo au Mbale. Kompyuta yako haizungumzi na ya hospitali yoyote kati ya hizo. Daftari linafika, linafunguliwa, daktari mgeni anaona ulimpa nini na lini. Tena ni mali ya mgonjwa mwenyewe, kalinunua kwa hela yake. Nimewaona wakichana ukurasa wasioupenda, au wakinunua daftari la pili ili la kwanza lisionwe nyumbani. Sikuwahi kumgombeza mtu kwa hilo. Kwenye mfumo wa kompyuta ukurasa wa namna hiyo nani atamchania?

Hapo ndipo nakuja kwenye WhatsApp. Sista, makundi hayo yasianze kabisa. Ukimwingiza mtu kwenye kundi, kila aliyemo anaona namba yake, na mara nyingi jina na picha. Kuna kituo kimoja, sikitaji, waliwaweka wateja wao wa dawa kwenye kundi kwa nia njema, kuwakumbusha tarehe. Mama mmoja akafungua orodha ya wanakundi, akakuta namba ya mke wa kaka yake. Wote wawili wakaacha kuja, na mmoja wao hatukumpata tena. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 imeweka hali ya afya na rekodi za matibabu kwenye taarifa maalumu, zile zenye masharti makali zaidi, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Muulize bosi kama kliniki imesajiliwa kabla hajanunua runinga.

---

DerevaWaTransit

Mimi ni mtu wa barabara, Mombasa hadi Kigali, na presha ninayo. Nazungumza kama mgonjwa.

Jamani karatasi kwangu ni hasara. Kadi ya presha nimeipoteza ndani ya kebini mpaka nimechoka, mara imelowa chai, mara utingo kaandikia namba ya simu juu yake. Simu haipotei, ndiyo inayonilisha. Kliniki moja walinipigia picha ukurasa wa dawa zangu wakanitumia kwenye WhatsApp, na tangu siku hiyo nikifika famasia yoyote naonyesha tu.

Ila Sista jua hili: nikivuka natoa laini ya Uganda naweka ya Kenya. Meseji yako ya kawaida ikija siku hiyo haina pa kufikia. WhatsApp inabaki na namba ile ile hata nikibadilisha laini. Na mkituma, tumeni sauti. Mtu anayeendesha tani ishirini na kitu hasomi kurasa mbili za chumvi na mafuta.

---

MamaWaKijiji (Kyangwali)

Jambo sana mama Sista. Mimi ni Mkongomani, nipo kambi ya wakimbizi ya Kyangwali huku Kikuube, karibu na Ziwa Albert, na ni VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea, wa kijiji changu. Ninatibu watoto wa chini ya miaka mitano: malaria, kuhara, kukohoa kwa kupumua haraka. Madawa yako kwenye sanduku, rejista iko juu ya sanduku.

Mnazungumza simu, simu, lakini hamkuuliza simu inalala wapi. Huku kwetu inalala kwa kijana mwenye sola. Baba anaipeleka asubuhi kuchajiwa, anailipia, anaichukua jioni. Meseji yenu ya saa tatu asubuhi kwa mama mjamzito itafunguliwa saa mbili usiku na baba, mbele ya watu, na kama baba hajui kusoma ataisomesha kwa jirani. Mimi mwenyewe nimesomeshwa meseji ya mama mwingine namna hiyo. Sikusoma yote. Nilisema "wanamwita kliniki" nikarudisha simu.

Kitu ambacho kimetufaa ni sauti. Tulirekodi kwenye simu yangu, Kiswahili chetu cha Ituri, halafu mama mmoja akarekodi Kialur. Jambo moja tu: ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa mtoto anayeharisha. Nikapeleka kispika kidogo kule bombani asubuhi, kwenye foleni ya majerikeni, ambapo hakuna anayeondoka mpaka maji yatoke. Mara ya kwanza walicheka, kwa sababu walijua sauti ni ya nani. Mara ya pili wakaanza kubishana nayo, na hapo nikajua wanasikiliza. Mmoja akasema, lita moja mimi nitaijua wapi? Alisema kweli! Karatasi yetu iliandika lita 1 na sisi tulisoma lita 1 miaka yote. Tukarekodi upya: pakiti moja, chupa mbili za soda za nusu lita, maji yaliyochemshwa yakapoa, usigawe pakiti.

Lakini zinki imetushinda kwa sauti. Zinki ni siku 10, kidonge kimoja kwa siku, nusu kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi sita. Kuhara kunakoma siku ya tatu, mama anaweka vidonge vilivyobaki juu ya paa kwa ajili ya mtoto mwingine. Sauti ya bombani haihesabu siku. Ndiyo nikachora visanduku kumi kwenye kipande cha karatasi ya daftari, kila siku ukimpa unatia alama, kwa kalamu au kwa mkaa. Nikipita nyumbani naomba nionyeshwe kile kikaratasi. Wengine wanatia alama zote siku nikionekana kwa mbali, najua, mkaa mbichi unajulikana.

Kwa hiyo mama Sista, ile bahasha ya bibi usiiondoe. Inakaa pamoja na vidonge. Video ya runinga inabaki Busia.

---

kijana_wa_seva (Ntinda, Kampala)

Wakubwa zangu nawaheshimu, lakini mnamtisha Sista. Kazi yangu ni kuunda mifumo, tena kwa vituo vidogo kama chake, na mengi yanayolaumiwa hapa ni kazi iliyofanywa ovyo. Teknolojia yenyewe haina kosa.

Tuanze na QR. Nina hakika bosi amechukua vipeperushi vile vile vya Kiingereza, akaviskani, akaviweka mahali kama PDF nzito. Mgonjwa anatumia bando lake kupakua kurasa nne ambazo hata bure hakuzichukua rafuni. Kimraba kifungue ukurasa mmoja mwepesi wenye vitufe vya lugha na sauti ya dakika moja. Sauti ya dakika moja iliyobanwa vizuri ni nyepesi kuliko picha moja ya kamera. Tena kimraba kielekee kwenye anwani ambayo ni yenu wenyewe, ili habari ikibadilika mbadilishe kilicho ndani na kimraba kibaki ukutani miaka yote. Nimeona mahali walipobandika kiungo cha kampuni ya bure, kampuni ikaanza kudai malipo, ukuta mzima ukawa mapambo.

La pili, bando. Wekeni ruta isiyo na intaneti kabisa. Ndiyo, bila intaneti. Inabeba sauti na video zenu tu, mgonjwa akiwa benchini anajiunga bure, anapakua, anaondoka nazo. Umeme ukienda, betri ndogo ya sola inaibeba.

La tatu, wenye katochi. Kuna mifumo ya sauti ya kupiga simu: anabipu, mfumo unampigia, bonyeza 1 Kisamia, bonyeza 2 Kiswahili, anasikiliza na hakatwi hela. Meseji ya kawaida ina herufi 160, ukizidisha inahesabiwa mbili na bosi analipa mbili, kwa hiyo msiwaandikie watu insha.

WhatsApp: makundi hapana, Mzee yuko sahihi. Ipo orodha ya kutangaza, kila mtu anapokea peke yake, mpaka watu 256. Ila haimfikii ambaye hajahifadhi namba yenu kwenye simu yake, kwa hiyo mhifadhieni palepale mapokezi, mkimwomba kwanza.

Runinga msiidharau pia. Kliniki nyingi kati ya chumba cha daktari na mabenchi kuna mbao nyembamba tu, na kila kinachosemwa ndani kinasikika nje. Runinga yenye sauti inafunika hayo. Pengine ndiyo faida yake kubwa kuliko zote.

Mzee, kwa daftari sikupingi sana. Lakini likilowa mvua? Likiungua nyumba? Pigeni picha ukurasa wa mwisho, kama alivyosema dereva, ikae kwa mgonjwa mwenyewe. Siyo kwenye simu ya muuguzi.

---

MzeeWaFaili

Kijana, hiyo ya mwisho iandike kwa herufi kubwa. Siku hizi simu za wauguzi zimejaa vidonda vya watu na majina ya watu, na simu hizo zinachezewa na watoto nyumbani.

---

SistaWaMpakani

Asanteni wote, nimesoma kila neno, mengine nimemsomea bosi kwa sauti. Ile ya mke wa kaka ilimkalisha chini. Makundi ya WhatsApp yamekufa kabla ya kuzaliwa.

Nimebandika kimraba kimoja karibu na mizani, makusudi, nikae nione. Waliokigusa ni vijana waliosindikiza wazee wao, na madereva. Mwanamke mmoja aliuliza kama ndiyo ya kulipia. Mzee mwingine alidhani ni alama ya mahali pa kusimama, akasimama hapo kwa heshima zote hadi nilipomwita. Kwa hiyo nimekihamishia mlango wa famasia, nikachora sikio juu yake na kuandika "Sikiliza", na sasa wanaosindikiza ndio wanaowasikilizisha wenyewe. Sauti mbili tumerekodi, ORS na presha. Kisamia amesoma mfagizi wetu. Anasema vizuri kuliko sisi wote, na bosi amekubali amlipe kwa hilo. Chupa mbili za soda nimeiiba kwa MamaWaKijiji, asinidai.

Rafu imeondoka. Zimebaki kadi, daftari na bahasha ya khaki, na kwenye bahasha nimeomba tupige muhuri wenye visanduku vya asubuhi na jioni ili tuache kuchora jua kama watoto wa chekechea. Kwa dozi ya malaria visanduku ni sita tu, kila kimoja vidonge vinne. Bosi alinuna kidogo kuhusu muhuri, alikuwa anaona kama nimemrudisha nyuma, nikamwambia runinga yako ipo, inafunika sauti, kijana wa Kampala kasema.

Kwenye rejista ya mapokezi tumeongeza safu. Namba hii ya nani? Nani mwingine anaishika? Lugha gani? Tukutafute au tusikutafute? Hiyo ya mwisho imenishangaza. Wengi wa wanawake wanasema tusiwatafute, watakuja wenyewe. Wanaume karibu wote wanatoa namba bila kufikiri. Na wapo wanaotoa namba mbili, moja wanasema "ya mchana".

Waliokubali tutawaandikia hivi: "Salamu kutoka kliniki, tunakungoja Alhamisi." Sijataja ugonjwa wala dawa. Mnaonaje?

---

MzeeWaFaili

Alhamisi kwenu ni siku ya nini?

---

SistaWaMpakani

Mzee... Alhamisi ni ya wanaochukua dawa za kila mwezi. Na Busia nzima inajua.

Basi ifutwe. Itakuwa "Salamu kutoka kliniki, tupigie ukipata nafasi", tarehe tutaisema mdomoni baada ya kuhakikisha anayeongea ni yeye. Simu ya mapokezi itabidi iwe na mtu wa kuipokea, hiyo ni vita nyingine na bosi.

Kijana, hiyo ruta isiyo na intaneti, nianzie wapi? Fundi wa hapa amenitajia bei ya kununua pikipiki.

---

kijana_wa_seva

Usimpe hata shilingi. Una simu ya zamani ya Android iliyo kabatini? Weka sauti zako humo, washa hotspoti, kuna programu za bure zinazoifanya igawe mafaili kwa walio karibu. Inabeba watu kumi hivi kwa wakati mmoja, na benchi lako sidhani linazidi hapo. Ukizidiwa ndipo tuzungumze ruta.

Nitumie zile rekodi mbili kwanza nizibane. Na huyo mfagizi mwambie arudie ya presha mbali na jenereta. Hapa kwangu naisikia jenereta kuliko chumvi.

---

DerevaWaTransit

Hiyo ya presha mkimaliza mnitumie na mimi. Ya Kiswahili.